Kioo cha Vespa ya Karani

Wale mlioniandikia kwamba mimi ni mwoga, msipoteze tena stempu zenu. Ninajua. Mtu jasiri hangekuwa na hadithi ndefu namna hii. Angekuwa amekufa mwaka ule wa 1964, na gazeti hili lingewapa habari za mpira.

Na wewe mama wa Rugenge uliyeuliza kwa nini ninanyoa ndevu kwa kupapasa kama kipofu, mpaka nilijikata kidevu siku ya ubatizo wa mjukuu wangu, leo utajua. Nyumbani kwangu hakuna kioo. Hakijaingia tangu siku zile ninazozisimulia.

Kwa aliyechelewa: mimi ni Ildephonse, fundi wa baiskeli na vespa, mtaa wa Kasenga, hapa hapa Uvira. Waasi waliingia mjini mwezi wa tano, wakijiita simba. Wiki ya kwanza walimchukua karani Octave, mteja wangu, kwa kosa la kujua kuandika kwa mashine. Hakurudi. Vespa yake ikachukuliwa na mkubwa wao, Komanda Mathieu.

Kisha wakaja kwangu tukiwa mezani, wakamkamata Étienne, mdogo wake mke wangu Félicité. Étienne alikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Walimkuta na kalamu ya wino mfukoni. Walimtoa nje bado ameshika tonge la ugali mkononi, na hapo ndipo nilipowaacha ninyi wasomaji toleo lililopita.

Félicité hakulia. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Alikusanya sahani, akaziosha, akazifunika, ndipo akanigeukia.

"Vyombo vyabo unavitengenezaka," akasema. "Taa zabo unaziwashaka. Sasa enda useme na bo. Minye niko na ndugu moja tu. Ukikosa kumuleta, usinirudilie hapa."

"Félicité, bale bantu habasikiaka maneno."

"Basi utafute maneno ile basikiaka."

Asubuhi yake, Mungu au shetani, mpaka leo sijui ni nani kati yao, akamleta komanda mwenyewe mlangoni pangu.

Alikuja juu ya vespa ya Octave, kofia ya ngozi ya nyani kichwani. Hakufika hata miaka ishirini na tano. Kioo cha kuangalia nyuma kilikuwa kinaning'inia kwenye usukani, kimelala chali, kinaangalia mawingu.

"Fundi! Kioo hii inanisumbua. Naisimamisha, inaanguka. Naisimamisha, inaanguka."

"Barabara njo inailegeza, Komanda. Hata karani, kila wiki nilikuwa namukazia."

Ulimi hauna mfupa, jamani. Kumtaja Octave mbele ya mtu aliyemwua! Nikasubiri kofi, au zaidi ya kofi.

Halikuja. Komanda alitazama chini, akauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia njia: "Karani alikuwa anabebaka muntu nyuma?"

"Siku ya misa. Bibi yake."

"Na kiti ya nyuma, chuma yake haikuvunjika?"

Nikakibonyeza kiti. Kilishuka, kikapanda, kama kawaida. "Iko muzima, Komanda."

Akanisogelea. Nilinusa pombe ya ndizi na jasho la mtu asiyelala.

"Minye nikipanda, inashuka. Ile ni kawaida. Lakini nikifika pale Songo, kwenye walimukamatia karani, inashuka tena."

"Inashuka tena?"

"Kama muntu amepanda."

Ilikuwa saa tatu ya asubuhi, jua limeshawaka, wanawake wanapita na samaki wa ndagala kichwani. Nywele za mikono yangu zilisimama hata hivyo.

"Na ukigeuka, unaona nani?"

"Nitageuka namna gani, weye mupumbavu? Dawa inakataza!"

Nyinyi vijana hamkuwapo, acha niwaeleze. Simba hakwenda vitani kabla ya kuogeshwa maji ya dawa. Aliogeshwa, akachanjwa paji la uso, akapewa masharti. Sharti lililowatisha kuliko yote lilikuwa hili: mbele tu. Ukishaogeshwa, vitani au njiani, usiangalie nyuma yako. Ukiangalia, dawa imekufa, na risasi iliyokuwa igeuke maji inabaki risasi.

Hapa kwetu mwogeshaji alikuwa Mama Apollinarie, mwanamke mfupi, mpole, anayekohoa. Wiki mbili kabla ya siku hiyo aliniletea taa yake nimtengenezee. Ukutani nilikuwa na kipande cha kioo cha kunyolea. Alipokiona alikiondoa, akakigeuza uso kwa ukuta.

"Mama, hata kioo?" nilimuuliza, nikicheka.

Yeye hakucheka. "Nyuma ni nyuma, mutoto wangu. Ukiiona kwa shingo, ukiiona mu kioo, ukiiona mu maji ya ndoo, umeiona."

Kumbukeni maneno hayo. Mimi niliyakumbuka vizuri mno.

"Komanda," nikasema, "juu ya nini usimuulize Mama Apollinarie?"

"Nikimuuliza, atajua kama niko na muntu nyuma. Atasema dawa yangu imeharibika. Na baaskari bangu bote batasikia." Alikishika kile kioo kilicholegea, akakielekeza ardhini asije akaona kitu kwa bahati mbaya. "Weye ulisoma kwa bapadri. Niambie kweli. Kuangalia mu kioo, ni kugeuka?"

Nikaona mlango umefunguka. Sikuona unaelekea wapi, lakini nani aliye kifungoni huuliza mlango unaelekea wapi?

"Mulamu wangu Étienne iko kwenu, Komanda. Hana kosa."

"Mwalimu?"

"Njo huyo. Nikamate minye, yeye umuachilie."

"Jibu kwanza. Kesho saa sita tunapanda bonde la Ruzizi, tunaenda kupigana. Ukinijibu muzuri na ukikaza kioo, mwalimu nitakupa kesho."

Nikamtazama machoni.

"Hapana, Komanda. Shingo haigeuki. Kioo ni kioo tu."

Alipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Sasa nisikilizeni, maana hili padri wangu alilisikia mara tatu na mara zote tatu aliniambia nilirudie polepole. Mimi sikuamini dawa ile. Nilikuwa Mkristo, nilikuwa nimeona simba walioogeshwa wakizikwa kama watu wengine. Lakini kama sikuamini, uongo ule ulikuwa wa nini? Niliusema ili afe. Nilitaka aangalie nyuma kesho kule bondeni, dawa yake ife, naye afe. Kwa dakika ile moja niliiamini dawa kuliko Mama Apollinarie mwenyewe.

Nikaanza kazi.

Kioo cha vespa hakikazwi mpaka mwisho. Hiyo ndiyo siri ya kazi yetu, na fundi asiyeijua anawaletea watu hasara. Unakata kamba ya mpira wa ndani wa baiskeli, unaizungusha chini ya pete inayoshika mkono wa kioo, kisha unakaza ekru, yaani nati, mpaka kioo kikubali kusimama lakini kikubali pia kugeuzwa kwa mkono. Vespa ikianguka, kioo kinajikunja, hakivunjiki. Octave nilimfanyia hivyo kila wiki, naye alipenda kukigeuza mwenyewe akichana nywele.

Siku ile sikuweka mpira. Nilikaza chuma kwa chuma. Nikakaa kwenye kiti cha dereva, nikakielekeza kioo mahali ambapo jicho haliwezi kukikwepa, hata ukitaka. Kisha nikachukua nyundo, nikaipiga ncha ya bulo, ile bolti yenyewe, mpaka ikapanuka juu ya ekru kama uyoga. Bulo iliyopigwa hivyo haifunguki tena. Sikutaka kilegee njiani kikamwokoa.

"Unapiga sana," komanda alisema.

"Barabara ya Sange ni mubaya, Komanda."

"Asante, fundi." Akanipa mkono. Nikaupokea.

Nyumbani nilimwambia Félicité neno moja tu: "Kesho." Akakaa chini taratibu, akashika tumbo lake, akalia machozi yote aliyokuwa ameyafungia.

Kesho ikafika. Saa tano na nusu nilikuwa uwanjani kwenye kambi yao, nimevaa shati la misa. Malori mawili yalikuwa yananguruma, simba wamejaa juu, majani mabichi kichwani, miili imelowa. Mama Apollinarie alikuwa akikohoa pembeni na ndoo yake.

Vespa ilisimama mbele ya malori. Kioo kilikuwa pale pale nilipokiacha.

"Fundi!" Komanda Mathieu alikuwa na uso wa furaha. "Nilikuahidi mwalimu. Mwalimu ni huyu."

Étienne akatokea nyuma ya lori.

Walikuwa wamemnyoa nywele zote. Paji lake la uso lilikuwa na chale mpya, damu haijakauka. Maji yalikuwa yanamtiririka mabegani mpaka miguuni.

"Mulamu," akasema, akijaribu kutabasamu. "Bamenibatiza mara ya pili."

"Sasa ni muntu wetu," komanda akasema. "Iko muzima, hapana? Anajua kuendesha vespa, karani alimufundisha. Njo dereva wangu."

"Komanda, ulisema utanipa!"

"Nimekupa roho yake. Unataka nini ingine?" Akaniinamia, akanong'ona, tena kwa majivuno ya mtoto aliyepata jibu la hesabu: "Nimefikiri sana. Kiti ya nyuma nitakaa minye mwenyewe. Tuone yule atapanda wapi. Mwalimu atakuwa ananiangalilia mu kioo."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga walisema. Hawakusema kwamba anaweza kumwingiza mtoto wa watu.

Étienne alikuwa amekaa tayari mbele. Alikitazama kioo, kisha akaondoa macho haraka.

"Mulamu, bametuambia tusiangalie nyuma," akasema. "Minye hata siamini hii mambo. Lakini wakikumwagia maji ile, wakiimba, unaanza kuogopa. Na komanda anasema kioo haina shida. Ni kweli?"

"Muambie," komanda akasema. "Muambie ile uliniambia jana."

Malori yalinguruma. Mama Apollinarie alikuwa hatua ishirini kutoka pale, ameinamia ndoo. Neno moja lilitosha. *Usiangalie, Étienne.* Neno hilo lingemwambia komanda kwamba jana nilimdanganya, na kwa nini nilimdanganya, na mimi nisingemaliza hata kulisema.

Étienne alikuwa akinitazama kama alivyonitazama siku nilipomfundisha kuendesha baiskeli, akisubiri nimwambie nimeshika au nimeachia.

"Si kugeuka," nikasema. "Kioo ni kioo tu."

"Haya." Akapumua. "Kama mulamu amesema."

Wakaondoka. Nilibaki pale katika moshi mpaka sikusikia tena injini. Ule uongo wa kwanza nilimwambia adui, na padri aliniambia Mungu ataupima. Wa pili nilimwambia Étienne. Kwa huo padri alifumba tu macho.

Félicité nilimwambia nini? Nilimwambia ndugu yake ni mzima, amefanywa dereva, atarudi. Yote yalikuwa kweli, na njia ya mwongo ni fupi hata akiitembea kwa maneno ya kweli. Alifurahi. Alinunua samaki wa mukeke, akamkaanga, akanitolea kipande kikubwa. Nilikila chote mbele yake.

Siku ya kwanza ikapita. Ya pili. Ya tatu tulisikia kwamba kulikuwa na mapigano upande wa Sange, malori yamechomwa. Félicité aliacha kupika.

Siku ya nne, kama saa nne asubuhi, niliona kitu kinakuja polepole barabarani. Vespa. Mtu mmoja anaisukuma kwa miguu, kama anayeogopa kuipanda.

Nilimwomba Mungu awe Étienne. Nilimwomba hivi: *mfanye awe yeye, nami nitasema yote.* Kofia ya ngozi ya nyani ikanijibu kabla ya Mungu.

Komanda Mathieu aliegemeza vespa mlangoni pangu. Hakuwa na jeraha hata moja. Taa ya mbele ilikuwa imepasuka, ubao wa miguu umekauka damu nyeusi. Vespa ilikuwa imeanguka, tena vibaya, na kioo kilikuwa kizima, hakijasogea hata kidogo. Nilikuwa nimeifanya kazi yangu vizuri.

"Mulamu wangu iko wapi?" nikauliza.

Alikaa juu ya tairi bovu. Alisema bila kunitazama.

"Tulipokaribia Sange, kiti ikashuka."

"Komanda..."

"Nilikuwa nimekaa minye! Nimeijaza yote! Ikashuka tena. Nikamuambia mwalimu, angalia mu kioo, uniambie ni nani. Akakataa. Akasema dawa. Nikamuambia, fundi alisema si kugeuka. Akasema, kweli, kama mulamu amesema. Akaangalia."

Nzi walikuwa wanatembea kwenye ule ubao wa miguu.

"Akasema nini?"

"Akasema, *Komanda, tuko batatu.*"

Nikarudi hatua moja kutoka kwenye kile kiti.

"Kisha baaskari ba serikali bakatupiga risasi kutoka mbele. Moja tu ilikuja kwetu. Haikunigusa." Akainua macho. "Jana, pale kambini, nilimuuliza Mama Apollinarie. Nilimuambia yote, sina kitu ya kuficha tena. Akasema kioo njo iliua dawa ya mwalimu. Akasema nyuma ni nyuma. Akasema tena, hata weye alikuambia ile."

Mlango wa ndani ulilia. Félicité alikuwa amesimama kizingitini, mkono mmoja kwenye tumbo. Amesimama hapo tangu lini, sikujua.

"Toa kioo," komanda akasema.

Nikachukua kle, yaani spana, nikaishika ekru. Haikugeuka. Nikatia mafuta, nikavuta mpaka mishipa ikanitoka shingoni. Kle iliteleza, nikajichana vidole.

Komanda akainama. Akapitisha kidole juu ya ncha ya bulo, pale nilipoipanua.

"Karani alikuwa anaigeuzaka na mukono. Sasa hata kle haiwezi. Juu ya nini uliipiga nyundo?"

"Barabara, Komanda..."

"Barabara haikamataka nyundo, fundi."

Félicité ndiye aliyeelewa wa kwanza. Nilimwona akielewa. Alinitazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua kutoka ng'ambo ya mto.

"Ildephonse," akasema. "Ulimuambia Étienne aangalie?"

Kwa mara ya kwanza katika siku tano sikuwa na uongo tayari.

"Nilimuambia."

"Ukijua?"

"Nikijua."

Komanda alisimama, akaigeuza vespa uso kuelekea barabara ya Sange, akanionyesha kiti cha mbele.

"Panda. Weye utaendesha."

"Tunaenda wapi?"

"Kumuleta mwalimu."

"Iko muzima?" Félicité akaruka kutoka kizingitini. "Komanda, nakuomba! Ndugu yangu iko muzima?"

Komanda alikuwa ananitazama mimi tu.

"Minye sikuogeshwa maji, Komanda," nikasema. "Sina dawa."

"Njo juu ya ile nakutaka. Hauna dawa, kioo haina kitu ya kuua. Unaweza kuangalia."

Nikapanda. Miguu yangu ilikanyaga ile damu kavu. Nikapiga kiki, injini ikawaka mara moja, kama ilivyokuwa ikimwakia Octave. Kioo kilikuwa mbele ya jicho langu, mahali pale pale ambapo mtu hawezi kukikwepa. Nikafumba macho.

Komanda alikaa nyuma yangu, na kiti kikashuka.

Nilisubiri aseme twende.

Kiti kikashuka tena.

Kisha, polepole, kama mtu mwenye adabu anayeomba nafasi kidogo, kikashuka mara nyingine.

Pale mlangoni Félicité alitaja jina la ndugu yake, si kwa kuuliza, kama mtu anayemsalimu.

"Fungua macho, fundi," komanda akaninong'oneza shingoni. "Angalia mu kioo. Niambie tuko bangapi."